Sauti ya Baba Uliyoifuta

Kaka yangu Ouma,

Hata kaburini umenichosha. Nilidhani tukishakuzika pale Kisegi, mbele ya nyumba yako, nitapumzika kukusahihisha. Kumbe wapi. Udongo haujakauka na tayari niko mezani kwangu hapa Mbita, miwani puani, ninakuandikia kuhusu ile kanda. Ninakuandikia kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza Kiswahili nyumbani hata siku moja, ili watoto wako wa Nairobi na wake zao waelewe, na wajukuu ambao Kijaluo chao ni cha kusalimia tu. Tena ninaiandika wazi, kila mtu aisome. Wewe ulisimulia hadharani maisha yako yote; siwezi kukujibu kwa kunong'ona.

Nianzie kwa gitaa, maana matata yote ya nyumba yetu yalianzia hapo. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Uliacha shule ukaenda Migori kuuza katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa na redio, sufuria na baiskeli, na ukanunua gitaa kabla hujanunua viatu. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mwalimu wa kwaya. Kwake muziki ulikuwa wa aina mbili, wa Mungu na wa kupoteza wakati. Siku uliyokuja na lile gitaa mara ya kwanza alikuambia lilale nje. Ukamwambia likilala nje, nawe utalala nje. Akasema, "Sawa." Ukalala kwenye ghala la mahindi, wewe na gitaa lako, na asubuhi ukaondoka bila kunywa chai.

Tangu siku hiyo, zaidi ya mwaka mzima, hamkusemezana. Lakini hukuacha kuja nyumbani, na hilo ndilo lililonikondesha, kwa sababu mdomo wenu nilikuwa mimi. Tumekaa mezani, samaki yuko katikati, na Baba anasema, "Nyara," yaani binti yangu kwa Kijaluo, "mwambie ndugu yako asogeze chumvi." Chumvi iko mbele yako. Masikio yako ni mazima. Unanitazama mpaka nirudie maneno yote, ndipo unasema, "Mwambie Baba chumvi ni hii." Nilikuwa msichana wa shule ya upili, nimerudi likizo kupumzika, na kazi yangu ikawa kubeba maneno kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine kama karani wa mahakama. Mama alikuwa akiniangalia tu na kutikisa kichwa. Yeye alikataa kazi hiyo mapema.

Kisha ukaja na ule wimbo.

Uliusikia kwenye santuri pale dukani. Ulinieleza kwamba vijana wa ng'ambo walichukua wimbo wa zamani wa vijijini kwao, wa mtu aliyevuka mto akaahidi kurudi kabla ya mavuno na asirudi, wakauwekea magitaa ya umeme na ngoma. Ulisema gitaa moja lilikuwa na nyaya nyingi mno hadi likasikika kama nyatiti kumi, zile zeze za kwetu, zikipigwa pamoja. Ulinikalisha ukanipigia kwa gitaa lako ambalo uzi mmoja ulikuwa umekatika, na nitakubali hapa mbele ya watu: nywele zilinisimama. Ulikuwa wimbo mzuri. Sikatai. Tatizo halikuwa wimbo.

Tatizo la kwanza lilikuwa maneno. Uliyaandika kwa kusikia, kwenye karatasi ya kufungia sukari, na yalikuwa si Kiingereza, si Kijaluo, si kitu. Mstari mmoja ulisomeka "silva mai doo." Nilikuuliza maana yake. Ukasema, "Maana si kazi yetu. Kazi yetu ni kuimba." Nikakaa na ile karatasi alasiri nzima nikijaribu kukisia yule Mzungu alitaka kusema nini, na kila nilipopata neno la maana ulilikataa ukisema kwenye santuri halisikiki hivyo.

Tatizo la pili ulilibeba kichwani kutoka soko la Kisegi, ulikoshuka kwenye lori la pamba. Mashine ya kurekodi. Ulikuwa umeiazima kwa padri mmoja mzee wa Migori aliyekuwa akiitumia kurekodi nyimbo za misa. Nilipoiona nikakaa chini. Nyumba ya mzee wa kanisa la Wasabato, na mashine ya Wakatoliki ndani yake, ya kurekodi wimbo wa dunia. Nikakuuliza kama umerukwa na akili. Ukasema Baba yuko kwenye makambi ya kanisa Homa Bay hadi Jumapili, watu wa redio watakuja huko huko Homa Bay kwenye maonyesho ya kilimo kusikiliza vijana wanaoimba, na padri anataka mashine yake irudi upesi. Ulikuwa umepanga kila kitu isipokuwa kuniuliza kama nataka.

Nilitaka. Hilo nalo nalikubali.

Mama alisimama mlangoni, mikono imejaa unga, akaitazama ile mashine na magurudumu yake mawili. Akauliza, "Hiyo inakula nini?"

"Betri, Mama."

"Basi ile haraka ishibe, irudi kwao."

Ndiyo baraka tuliyopewa, na tukaanza.

Ulitundika mablanketi ukutani katika chumba cha mbele ili sauti isirukeruke, likiwemo lile jekundu ambalo Mama aliliweka kwa ajili ya wageni. Ulifunga madirisha. Bati juu, blanketi pembeni, jua la Kisegi nje; tulikuwa tunaiva kama viazi. Kanda ilikuwa moja tu. Padri hakuwa na nyingine ya kutoa, kwa hiyo kila tuliporudia wimbo tulikuwa tunarekodi juu ya ule wa kwanza. Hilo ulinieleza mwenyewe, kwa sauti ya mwalimu, ukinionyesha kwa kidole: cha jana hufutwa na cha leo. Ulilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nataka watoto wako wakumbuke jambo hilo wanaposoma huko mbele.

Sasa unaona ninavyokasirika upya. Jogoo aliwika katikati ya ubeti wa pili, ukasimamisha. Tukarudia. Ng'ombe wakapita na kengele zao, ukasimamisha. Mke wa jirani, Min Odongo, akabisha hodi kutaka kuazima ungo. Ukamwambia tunarekodi. Akasema, "Basi nitangoja hapa kimya, endeleeni," akakaa kizingitini, na tulipofika mahali pazuri kuliko pote akapiga chafya iliyotingisha mablanketi. Hayo ningeyavumilia. Lakini kuna mara ambazo hapakuwa na jogoo wala ng'ombe wala Min Odongo, sauti zetu zimeshikana, mimi nimeshafumba macho, nawe unapiga gitaa kofi moja na kusema, "Simama. Hapo kidole kimeteleza."

"Mimi sikusikia."

"Mimi nilisikia."

Tunaanza tena. Kidole kimeteleza tena. Halafu betri zikachoka, ukazitoa ukazianika juani juu ya jiwe kama dagaa, nasi tukangoja. Ulipozirudisha na kusikiliza tulichokuwa tumerekodi, sauti zetu zilitoka nyembamba na za haraka kama za vifaranga. Mama alicheka kule jikoni hadi akashika ukuta. Wewe hukucheka. Ulikuwa mtu wa kuchekesha katika kila jambo duniani isipokuwa lile moja.

Siku ya pili koo langu lilikuwa limekauka na sikuwa ninakupenda tena. Nilikuambia naimba mara moja tu, ya mwisho, jogoo awike asiwike. Tukaimba. Hapakuwika kitu. Tulifika mwisho, ukaacha ule uzi wa mwisho utetemeke hadi ukaisha wenyewe, ukazima mashine. Tukatazamana.

Na nje ya dirisha, sauti ya Baba ikasema, "Nyara, mwambie ndugu yako sauti ya pili imepotea kwenye mstari wa tatu."

Alikuwa ameondoka makambi mapema kwa sababu ya jino. Shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, baiskeli bado ameishika. Alikuwa amesimama nje, juani, wimbo mzima. Mpaka leo sijui kwa nini hakuingia mara moja kutufukuza. Nadhani hakuweza kukatiza watu wanaoimba. Ulikuwa udhaifu wake.

Wewe uligeuka rangi. Mimi nikasema, kwa mazoea tu, "Kaka, Baba anasema sauti ya pili imepotea kwenye mstari wa tatu." Sauti ya pili yenyewe ilikuwa mimi.

"Mwambie Baba kwenye santuri iko hivyo hivyo."

"Baba, anasema kwenye santuri..."

"Mwambie basi hata hao wa santuri wamepotea."

Aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kiti chake. Hakuitazama ile mashine. Akaniambia niimbe mstari wa tatu peke yangu. Nikaimba. Akanipa noti zake kwa solfa, polepole, akipiga goti kwa kidole, kama alivyowafundisha wanakwaya wake kila Ijumaa mchana: mi, fa, so, so, la. Nikaimba tena. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha katika kile chumba. Hata wewe ulinyanyua kichwa. Kisha akaniambia, "Mwambie ndugu yako huu wimbo hauna sakafu. Unaelea tu. Nani anaimba besi?"

"Anasema nani anaimba besi."

"Mwambie hakuna."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mchi mkononi, na ninaapa hakuwa anapumua.

Baba akafungua kile kitambaa cha jino, akakikunja, akakiweka mfukoni. Akasema maneno ya Kizungu hawezi kuyaweka mdomoni, hajui yanasema nini, huenda ni matusi. Wewe na mimi tuliangalia chini, maana hata sisi hatukujua. Akasema ataimba noti. Ukawasha mashine.

Ouma, sijawahi kusikia kitu kama kile kabla wala baada. Wewe na gitaa, mimi na ile sauti ya pili iliyonyooshwa, na chini yetu Baba, shavu limevimba, akiimba do, do, so, la, so, akiyatamka majina ya noti yenyewe kwa heshima yote kama mtu anayesoma Zaburi. Ungetarajia ichekeshe. Haikuchekesha hata kidogo. Ule wimbo wa mtu aliyevuka mto ulipata uzito. Ulikuwa na sakafu. Min Odongo, ambaye hakuwa ameondoka muda wote huo, aliweka ungo magotini na kusikiliza akiwa ameshika kidevu.

Tulipomaliza, ukarudisha kanda mwanzo, tukaisikiliza. Iliposimama, Baba akasema, "Rudisha." Tukasikiliza tena. Ndipo akainuka, akashika kiuno, na bila kunitazama mimi kabisa akasema, "Ouma, ule kwanza kabla hujaondoka."

Jina lako. Kinywani mwake. Baada ya zaidi ya mwaka. Mama aliingia jikoni haraka na hakutoka kwa muda. Ulijibu, "Ndiyo, Baba," na sauti yako ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Nami nikahisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni. Nilikula samaki yule bila kutafsiri neno lolote.

Ulipoondoka kesho yake Baba alikusindikiza hadi barabarani akisukuma baiskeli yake, mashine imefungwa kwenye keria kwa kamba ya mkonge. Alikukabidhi mwenyewe kwa dereva wa lori la kwenda Mbita. Kisha kwa siku zote zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akipalilia mtama na nasikia kwa mbali do, so, la. Siku ya Sabato baada ya ibada aliwaambia wanakwaya wake wawili wa besi, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba huenda kuna jambo wataombwa kuja kulisikiliza.

Yaliyotokea Mbita ulinieleza mwenyewe, na hadithi uliyoniambia mimi haikuwa ile uliyowaambia wengine. Boti ya Homa Bay ilichelewa. Ukakaa kwa rafiki yako karibu na gati, ukawasha mashine umringishie. Mkasikiliza. Rafiki yako, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ana watoto wazuri, akacheka. Akauliza, huyu mzee anahesabu nini? Akasema watu wa redio watadhani umeleta darasa la Jumapili. Na wewe, mwenye masikio ya kusikia kidole kilichoteleza hapo ambapo hakuna mwingine aliyesikia, ukamsikiliza mtu huyo. Ukachukua gitaa. Ukabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi. Ukaimba peke yako, mwanzo hadi mwisho, juu ya Baba.

Homa Bay, yule bwana wa redio alikusikiliza nusu ya wimbo. Akakuambia unapiga vizuri, lakini santuri yenyewe wanayo na wanaipiga kila wiki. Nani atataka kusikia nakala yake? Akakuuliza kama huna kitu kingine, kitu cha kwenu. Ukamwambia huna.

Hapo ndipo ningekuachia, kama ungerudi moja kwa moja Migori. Kijana amefanya ujinga, ameumia, yamekwisha. Lakini ulirudi nyumbani, kwa sababu Baba alikuwa amekuagiza urudi na kanda uwapigie watu kabla ya kuirudisha kwa padri. Sijui ulikuwa unafikiria nini njiani. Labda ulidhani atasahau.

Alikuwa amevaa koti lake la Sabato, na haikuwa Sabato. Wale wanakwaya wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya wageni, Min Odongo mlangoni, Mama amechemsha chai ya maziwa. Baba akasema, "Wasikilizeni hawa watoto, na mzee mmoja aliyejiingiza." Wakacheka. Ukawasha mashine. Nilikuwa nakutazama usoni, nikajua kabla sauti haijatoka.

Gitaa. Wewe. Gitaa. Wewe. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nikaona wale wazee wawili wakitazamana. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa kidogo tu. Ubeti wa pili. Mstari wa tatu ukapita. Alisikiliza hadi mwisho, hadi ule uzi wa mwisho ulipoacha kutetemeka. Kisha akasema, "Gitaa liko sawa." Akawakaribisha watu chai. Akavua lile koti, akalitundika, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe, na kwa saa ile ng'ombe hawakuwa na haja ya kutazamwa.

Na hakukununia, kaka. Hilo lilinimaliza. Nilidhani tutarudi kule kule kwa chumvi, na ningeona afadhali. Lakini aliendelea kukuita jina lako, kukuuliza habari za Migori, kukupa kuku urudi naye. Hakulitaja kabisa. Na hakuimba tena akipalilia mtama. Hakuna aliyegombana nawe, ndiyo maana ilinibidi nigombane nawe mimi kwa niaba ya watu wote. Nilikufuata nyuma ya ghala nikakuuliza kwa nini.

"Nyaminwa, dada yangu, wangenicheka."

"Wangekucheka wewe, au wangemcheka yeye?"

Ulikuwa unafungafunga ule uzi uliokatika, kana kwamba uzi ndio ulikuwa shida.

Halafu ikazaliwa boti. Sijui uliisimulia mara ya kwanza wapi, labda kwenye ule ukumbi wa Migori ulikopiga gitaa na bendi yenu. Nilipoisikia tayari ilikuwa imekua: ulikuwa unavuka kutoka Mbita, upepo ukageuka, boti ikalala ubavu, ukaokoa gitaa na mashine ya padri lakini kanda ikateleza ikazama. Mwaka uliofuata mawimbi yalikuwa makubwa zaidi. Baada ya hapo kulikuwa na mwanamke mjamzito ndani ya boti ambaye ulimshika mkono. Na Baba alizidi kuimba vizuri kila mara ulipoisimulia. Kwenye boti yako Baba alikuwa mwimbaji ambaye angetetemesha redio nzima. Nilikuwa nakaa pale nimeuma meno. Kama alikuwa mwimbaji wa namna hiyo, Ouma, ulimfuta kwa nini?

Uliisimulia hata kwenye harusi yangu. Mbele yake. Nilishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili nikamtazama Baba, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mchuuzi wa samaki. Watu walimgeukia, wakamuuliza, "Mzee, ni kweli?" Akapangusa mdomo taratibu. Akasema, "Ziwa lilikuwa baya sana siku hiyo."

Nilikuwa bibi harusi na nilitaka kuondoka. Nilikasirika naye kuliko nilivyokasirika nawe. Nyinyi wawili, mlioshindwa kusogezeana chumvi bila mimi, mlikuwa mmepatana juu ya uongo, tena bila kunihitaji. Ulimtazama wakati ule, nilikuona. Ulimtazama kisha ukainuka ukaenda nje, na watu wakadhani umeenda kuleta gitaa.

Baba alipofariki uliimba kaburini nyimbo za kanisa, zote, bila gitaa. Sikukuambia kitu siku ile. Niliona nikuache.

Sasa juzijuzi tumekuzika wewe. Mwanao mkubwa, Okello, alisimama mbele ya watu akasimulia boti. Ameirithi yote, na mwanamke mjamzito pia. Watu wakasikitika. Kisha akanigeukia akasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyebaki kati ya walioimba. Waambie." Wakanipa kipaza sauti.

Nikasimama. Nikasema boti haikupata dhoruba. Nikasema baba yenu aliifuta kanda kwa mkono wake, pale Mbita, nchi kavu, amekaa kitini. Hatimaye nililisema, baada ya kulimeza tangu ujana wangu. Na unajua kilichotokea? Walicheka. Watu wote, hadi kule nyuma kwenye hema. Walidhani ni utani wa dada mzee anayempenda kaka yake. Mchungaji mwenyewe alicheka akitikisa kichwa. Okello akanikumbatia, akasema, "Huyo ndiye Shangazi yetu." Nikaketi. Umenishinda hata ukiwa ndani ya jeneza.

Lakini Penina, mke wako, hakucheka. Watu walipoanza kutawanyika alinishika mkono akanipeleka upande, akaniuliza kama kuna wimbo wowote wa kanisa usio na maneno. Nikamwambia sielewi. Akasema kila asubuhi, miaka yote mliyoishi pamoja, ulipokuwa unanyoa ndevu ulikuwa unaimba kitu kimoja, kwa sauti ya chini isiyokuwa yako. Do, do, so, la. Mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Akikuuliza ni nini, unasema ni mazoezi tu. Nikamwomba aniimbie. Akajaribu. Hana sauti, maskini, na aliishika noti mbili tatu tu, kisha akapotea.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile na sijui nilifanye nini. Kufuta kanda ulikuwa kijana, rafiki alikucheka, nimeshakuelewa. Boti nayo nimeielewa. Hata Baba aliielewa kabla yangu. Lakini ulikuwa nayo. Ulikuwa nayo yote kichwani, noti kwa noti, kwa masikio yako yale yasiyoacha kitu kipite. Na mimi niliisahau. Nakumbuka shavu lililovimba, nakumbuka goti alilolipiga kwa kidole, lakini besi yenyewe imenitoka; nimeitafuta hapa mezani asubuhi hizi zote na sipati zaidi ya zile noti za mwanzo. Umekula kwangu Krismasi ngapi, kaka. Umekaa kwenye kiti kile pale, umekunywa chai yangu, umenichosha na boti yako. Ungeweza kuweka kikombe chini siku moja tu ukaniimbia.

Penina anasema atajaribu kukumbuka zaidi. Nimemwambia aje Mbita, akae nami kwa muda, tujaribu pamoja kila asubuhi. Atakuwa anaimba vibaya nami nitakuwa namsimamisha.

Pumzika sasa, kichwa kigumu wewe. Ukikutana na Baba huko, msiningoje niwapatanishe.

Dada yako wa pekee,
Akinyi